Added Upon ya Nephi Anderson: Kijiji Kinachohamia Mbinguni

Riwaya ya Nephi Anderson iitwayo Added Upon ilitoka Salt Lake City mwaka 1898, na kwa miongo mingi baada ya hapo iliendelea kuchapwa tena na tena huku riwaya nyingi za Kimormoni za wakati wake zikisahaulika. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliifuata kama hadithi ya mapenzi ya Rupert Ames na Signe Dahl, nikachoka kabla ya kufika mwisho; mara ya pili niliwaacha wapenzi hao pembeni, nikafuatilia namna mwandishi anavyowakusanya watu, anavyowatawanya na anavyowakusanya upya, na ndipo nilipotambua kwamba kiini cha kitabu hiki kiko huko. Wengi hukisifu au hukilaumu kwa mafundisho yake ya dini. Mimi nitakipima kwa swali moja tu, nalo ni kama kinafanikiwa kumwaminisha msomaji kwamba watu wengi wanaweza kuwa jamii moja, na kinafanikiwa wapi kuliko kwingine.

Msomaji asiyejua mafundisho ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho atahitaji ufafanuzi mfupi. Waumini wa kanisa hilo, ambao kwa muda mrefu wamejulikana kama Wamormoni, wanaamini kwamba binadamu aliishi kama roho mbele za Mungu kabla ya kuzaliwa, kwamba anakuja duniani kujaribiwa, na kwamba baada ya kufa anaendelea kuishi katika ulimwengu wa roho hadi siku ya ufufuo. Jina la riwaya limetolewa katika Kitabu cha Ibrahimu, moja ya maandiko yao, mahali panapoahidiwa kwamba wale walioitunza hali yao ya kwanza wataongezewa. Anderson aliichukua safari hiyo nzima na kuigawa katika sehemu tano: maisha kabla ya kuzaliwa, maisha ya duniani, ulimwengu wa roho, utawala wa Kristo wa miaka elfu, na hatimaye dunia iliyotukuzwa. Wahusika ni wale wale kutoka mwanzo hadi mwisho, ingawa majina yao hubadilika wanapovuka kutoka hali moja hadi nyingine. Ni dhamira kubwa mno kwa kitabu kisichokuwa kinene, na nitaeleza baadaye namna udogo huo unavyokidhuru.

Mwandishi mwenyewe alikuwa mtu wa kuhamahama. Alizaliwa mwaka 1865 mjini Christiania, Norwei, jiji ambalo leo linaitwa Oslo, akapelekwa Utah, magharibi mwa Marekani, akiwa mtoto, akakua miongoni mwa walowezi, akawa mwalimu, na akarudi Norwei akiwa mmisionari. Familia yake ilikuwa tone katika mkondo mkubwa, kwa maana kati ya mwaka 1850 na mwanzoni mwa karne ya 20 waongofu wapatao 30,000 waliondoka nchi za Skandinavia kwenda Utah. Tangu mwaka 1849 kulikuwa na mfuko maalumu wa uhamiaji uliowakopesha nauli maskini miongoni mwa wahamiaji hao, nao walitarajiwa kulipa baada ya kufika ili fedha zile zile zimsafirishe mwingine. Naitaja habari hii kwa sababu inaeleza kitu kinachoonekana katika kila sura ya Added Upon: mwandishi anajua kwamba jamii si jambo ambalo mtu hulikuta limekwisha kuwapo, bali ni jambo linalotengenezwa na wageni waliowasili kwa nyakati tofauti, wakiwa na lugha tofauti na deni moja.

Neno la Wamormoni kwa jamii hiyo ni Sayuni. Katika maandiko yao Sayuni ni mji wa Henoko, ambao watu wake walikuwa na moyo mmoja na nia moja, na hapakuwa na maskini miongoni mwao. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, hakuliacha wazo hilo hewani. Mwezi Februari mwaka 1831, huko Kirtland, Ohio, alitangaza sheria ya kuweka wakfu, ambayo kwayo muumini alikabidhi mali yake kwa askofu, akarudishiwa sehemu ya kuisimamia kwa ajili ya familia yake, na ziada ikawafaa wahitaji. Mwaka 1833 alituma ramani ya mji uliokusudiwa kujengwa Missouri, wenye eneo la maili moja mraba, majengo 24 ya ibada na shughuli za umma katikati, na nafasi ya watu kati ya 15,000 na 20,000. Wakulima nao walitakiwa kuishi mjini na kwenda mashambani asubuhi, ili familia ya mkulima isikose shule, ibada na majirani. Mji ukijaa, hautanuliwi. Unapimwa mwingine kama huo kando yake. Ninaipenda sana ramani ile, kwa sababu ndani yake kuna hoja ya kifasihi: ujirani si matokeo ya bahati, unachorwa.

Mji huo wa Missouri haukujengwa. Waumini walifukuzwa katika kaunti ya Jackson mwaka huo huo wa 1833, wakajenga Nauvoo, Illinois, wakafukuzwa tena, na mwezi Julai mwaka 1847 kundi la kwanza likaingia katika bonde la Salt Lake. Mwaka 1874 Brigham Young, aliyeliongoza Kanisa baada ya Smith, alijaribu kuufufua umoja wa mali kwa jina jipya, na huko Orderville, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kusini mwa Utah, watu walikula kwenye meza za pamoja na kufanya kazi bila mishahara ya kawaida. Mfumo wa Orderville ulidumu takriban miaka 10. Kisha mwaka 1887 sheria ya Bunge la Marekani ilivunja hadhi ya kisheria ya Kanisa na kuufuta ule mfuko wa uhamiaji. Mwaka 1890 Kanisa lilitangaza kuachana na ndoa za wake wengi. Na mwaka 1896 Utah ikawa jimbo kamili, lenye vyama vya siasa, benki na biashara kama majimbo mengine.

Miaka miwili baada ya hapo ndipo Added Upon ilipotoka, na siwezi kuisoma bila kuiweka katika tarehe hiyo. Sayuni ya meza moja ilikuwa imekwisha. Vijana waliozaliwa Utah hawakuwa wamevuka nyika kwa mikokoteni, hawakuwa wamefukuzwa mahali popote, na walikuwa wakisoma riwaya kutoka New York na London ambazo viongozi wao wa zamani walizilaani kama sumu. Orson F. Whitney, askofu na mshairi wa Kanisa, aliwahimiza mwaka 1888 wajitengenezee fasihi yao ya nyumbani, na Anderson, katika makala aliyoiandika mwaka huo huo wa 1898 katika jarida la Improvement Era, akaitetea hadithi ya kubuni kama chombo halali cha kufundishia. Kwa hiyo kitabu hiki kina kazi mbili. Kinasimulia jamii, na wakati huo huo kinaiunda miongoni mwa wasomaji wake, kwa kuwapa kizazi kilichokosa njia ya nyikani njia nyingine ambayo kila mmoja wao anaambiwa amekwisha kuipita, yaani ile ya kutoka mbinguni hadi kwenye kitanda alichozaliwa.

Sehemu ya kwanza ni fupi na ni ya ajabu. Roho zinakusanyika katika baraza, mpango wa kuiumba dunia unaelezwa, Lusifa anapinga, na watakaokuwa wahusika wetu duniani wanajadiliana kuhusu upande wa kuchukua. Homan na Delsa wanazungumza kama ndugu wanaoagana kabla ya safari ndefu, ilhali Sardus, ambaye alikuwa mwenzao, anaegemea upande wa uasi. Mazungumzo yao ni makavu, na hakuna mtu anayecheka, anayekosea neno wala anayechoka. Hata hivyo, faida ya kisimulizi inayopatikana hapo ni kubwa kuliko ubora wa mazungumzo yenyewe. Kwa kuwa msomaji amewaona wakiwa pamoja kabla ya dunia, kila wanapokutana duniani bila kutambuana yeye hubeba siri ambayo wao wameisahau. Mgeni anayebisha hodi anakuwa jamaa aliyepotea kitambo. Sijui njia nyepesi kuliko hiyo ya kumfanya msomaji amjali mhusika aliyetokea ukurasa huo huo, na ninaamini ndiyo sababu kuu ya kitabu hiki kupendwa na vizazi kadhaa vya waumini waliojua fika udhaifu wa lugha yake. Njia hiyo iliendelea kuzaa matunda hata mwaka 1973, ilipotokea tamthilia ya muziki iliyopendwa sana na Wamormoni, nayo ikaanza kwa roho zinazoahidiana kutafutana duniani.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoniteka. Hapa Anderson anashuka duniani, na mara anapoigusa ardhi, kalamu yake inapata uzito. Rupert Ames ni kijana wa kijiji cha Willowby, na shamba la familia yake liko mahali panapoitwa Dry Bench, yaani kwenye ukingo mkavu wa mlima, ambako bila maji ya kuletwa na mikono ya watu hapaoti kitu cha maana. Anayeijua historia ya Utah ataelewa uzito wa jina hilo. Walowezi wa mwaka 1847 walianza kwa kuzuia kijito na kuyaelekeza maji yake kwenye udongo mgumu ili ulimike, siku moja kabla ya Brigham Young mwenyewe kufika bondeni. Baadaye, mwaka 1852, sheria ya eneo hilo iliweka usimamizi wa maji na misitu mikononi mwa mahakama za kaunti, kwa ajili ya faida ya walowezi wote. Mfereji ulihitaji mikono mingi kuuchimba, na baada ya kuchimbwa ulihitaji maelewano ya kila wiki: nani anafungua lango la maji lini, kwa saa ngapi, na nani ataondoa matope mwanzoni mwa majira. Jirani asiyeelewana na jirani hapo hakosi salamu tu, anakosa mavuno.

Ukavu huo ndio unaozipa nguvu sura za Willowby. Mwandishi hahitaji kutuhubiria kwamba watu wanategemeana, kwa maana ardhi yenyewe imekwisha kusema. Tunaona mashamba, nyasi zilizokatwa, njia inayoelekea kijijini, na kijana mwenye bidii ambaye heshima yake miongoni mwa watu imefungamana na kile alichokifanya kwenye kipande kile cha ardhi. Kisha bahati inamgeuka, shamba linapotea, msichana aliyetarajia kumwoa anamwacha, na Rupert anaondoka. Sura zinazofuata, ambamo anatangatanga mbali na watu wake na imani yake inalegea, naziona kuwa za kweli kuliko zote katika kitabu. Anderson alifahamu kwamba imani ya mtu wa kijiji kama hicho imeshikiliwa na mambo madogo sana, kama vile mama anayeuliza alikokuwa, au kazi inayomsubiri asubuhi. Yakiondolewa hayo, hahitaji hoja ya mwanafalsafa ili aache kusali. Simulizi inamfikisha kwa familia ya Janson, ambako anakutana na Signe, msichana wa Kinorwei ambaye naye yuko mbali na nyumbani kwao na mbali na Henrik Bogstad, tajiri aliyetaka kumwoa. Wawili hao ni watu waliong'oka, na ndoa yao inasomeka kama kupanda upya zaidi ya kuwa mapenzi ya kusisimua. Ninaikubali ndoa hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Mwandishi hana kipaji cha kueleza shauku, lakini anajua vizuri sana furaha ya mtu aliyeulizwa tena kama amekula.

Kasoro ya sehemu hii ni haraka. Matukio ambayo mwandishi mwingine angeyapa sura tano yanapewa kurasa chache. Mtu anafilisika, anasafiri, anapenda na anaoa kabla msomaji hajaizoea sauti yake. Anderson anakimbilia mbinguni, nami nilitamani akae zaidi kijijini.

Sehemu ya tatu, inayohusu ulimwengu wa roho, inaipanua jamii kwa namna ambayo fasihi nyingine ya Kikristo ya wakati huo haikuipanua. Wafu hawapumziki. Wanafanya kazi, wanafundishana, wanatafutana, na wanawasubiri walio hai wawatendee yale wasiyoweza kujitendea, kwa kuwa Wamormoni hufanya ubatizo kwa niaba ya wafu katika mahekalu yao. Kwa imani hiyo, babu aliyekufa miaka 200 iliyopita bila kuandikwa popote ni mwanajamii ambaye kiti chake kiko wazi. Si ajabu kwamba Anderson, katika miaka yake ya baadaye, aliihudumia Jumuiya ya Nasaba ya Utah, iliyoanzishwa mwaka 1894, na akalihariri jarida lake lililoanza mwaka 1910. Kurasa hizi ameziandika mtu aliyeamini kwamba orodha ya majina inaweza kuwa tendo la upendo. Zinanigusa, ingawa naona kwamba kifo ndani yake kimepoteza makali yake kupita kiasi. Mjane anayebaki duniani anastahili kulia kwa muda mrefu zaidi kuliko anavyoruhusiwa hapa, na jamii isiyojua kukaa na aliaye imekosa moja ya kazi zake za kwanza.

Kisha tunafika kwenye utawala wa miaka elfu, ambao mwandishi aliupanua katika matoleo ya baadaye, na hapo ndipo kitabu kinaponiangusha. Sayuni hatimaye imejengwa. Mfalme wa Poland, nchi ambayo wakati Anderson anaandika haikuwa hata na dola yake kwa sababu ilikuwa imegawanywa na majirani zake, anakuja na mshauri wake kuutembelea mji huo mtakatifu, na mwenyeji anawapitisha mahali hadi mahali akiwaeleza utaratibu wa mali, kazi na uongozi. Ule umoja ulioshindwa Missouri na Orderville unatimizwa hapa bila shida. Hakuna anayetaka zaidi ya haki yake, hakuna anayetegea, na kila swali la mgeni linapata jibu lililokamilika kabla halijaisha kuulizwa. Mtindo huu wa kumtembeza mgeni katika mji bora ulivuma sana Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na ndani ya fasihi ya Kimormoni yenyewe ulikuwa na mtangulizi, kwa maana Parley P. Pratt, mmoja wa mitume wa mwanzo wa Kanisa, alikuwa amekwisha kuandika njozi ambamo malaika anamwonyesha msimulizi mji mkuu wa siku zijazo huko magharibi, nayo ilichapwa mwaka 1880, miaka mingi baada ya kifo chake.

Sikatai kwamba mafundisho yana nafasi katika riwaya. Ninachosema ni kwamba watu wa mji huu hawana sababu yoyote ya kuhitajiana. Willowby iliniaminisha kwa sababu maji yalikuwa machache. Katika Sayuni ya sehemu ya nne hakuna kilicho kichache, na kwa hiyo hakuna anayelazimika kumngoja mwenzake, kumsamehe, kumvumilia wala kumkumbusha zamu yake. Tunaambiwa wana moyo mmoja, lakini hatujauona moyo huo ukijaribiwa hata mara moja tangu tulipoingia langoni. Kuna fahari nyingi katika kurasa hizo, ila hakuna ujirani. Naamini pia kwamba hazikuwaridhisha wote walioishi katika meza za pamoja za Orderville, ambao walijua kwamba ugumu wa kushirikiana huanza na mambo kama suruali ya nani imechakaa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima liulizwe katika tathmini ya kitabu kinachohusu jamii, nalo ni akina nani hawamo. Mabonde ya Utah hayakuwa tupu mwaka 1847. Yalikuwa makazi ya wenyeji wa asili, yaani Waute, Washoshone, Wagoshute, Wapaiute na Wanavajo, na mifereji iliyojenga vijiji kama Willowby ilichota maji yao na kuchukua ardhi waliyoitegemea kwa chakula. Mwezi Januari mwaka 1863 wanajeshi wa Marekani waliwaua mamia ya Washoshone kando ya mto Bear, kaskazini mwa makazi ya Wamormoni, na baada ya hapo walowezi wakapata nafasi zaidi. Simulizi ya Anderson inaanza baada ya ardhi kuwa tayari imekauka na kungoja, kana kwamba hapakuwa na mtu aliyeipa jina kabla ya Dry Bench.

Upo pia urithi mzito zaidi wa lile baraza la sehemu ya kwanza. Wazo la kwamba roho zilitofautiana kwa uaminifu kabla ya kuzaliwa lilitumiwa na baadhi ya viongozi wa Kanisa kueleza kwa nini watu weusi wenye asili ya Afrika walinyimwa ukuhani na ibada za hekaluni, marufuku iliyodumu hadi mwaka 1978. Na mwaka 2013 Kanisa lenyewe likachapisha maelezo ya kuzikana nadharia hizo. Sisemi kwamba Anderson ndiye aliyezibuni, wala kwamba riwaya yake iliandikwa kwa nia hiyo. Lakini nilipokuwa nikisoma tukio linaloigawa jamaa ya mbinguni kati ya walio imara na wasio imara, nililisoma kama mtu ambaye kwa miaka mingi angehesabiwa upande usio wake kwa sababu ya rangi, na sikuweza kuliona baraza lile kama mahali pa faraja tupu. Simulizi inayomwambia mtu kwamba mgeni mlangoni ni ndugu yake aliyemsahau ni nzuri mno. Ile ile ikitumiwa kumwambia kwamba mgeni huyo amestahili kubaki nje, inakuwa silaha. Msomaji wa leo anapaswa kuijua historia hii kabla ya kumpa kijana kitabu hiki.

Kinachoniongezea heshima kwa Anderson ni kwamba hakuishia hapo. Mwaka 1921, miaka miwili kabla ya kifo chake, alitoa riwaya ya Dorian, na naiona kama jibu lake mwenyewe kwa udhaifu wa kile kitabu cha ujanani. Ndani yake hakuna baraza la mbinguni wala mfalme mgeni. Kuna kijana wa shambani anayetumwa kununua viatu na kurudi na vitabu, kuna mzee mmoja, Uncle Zed, anayemfundisha kufikiri na kumwachia kazi aliyoianza, na kuna jirani yake Carlia Duke, msichana aliyechoshwa na kazi za nyumbani ambazo hakuna mtu anayezishukuru. Carlia anaanguka katika aibu na kutoweka, na swali la riwaya nzima linakuwa kama kuna mahali pa kumrudisha. Dorian naye si msafi, kwa sababu alikuwa jirani wa karibu kuliko wote na hakuona. Hapo umoja wa moyo hautangazwi. Unatafutwa usiku na mtu mwenye hofu, na anapoupata bado ana hasira ya kujifunza kuishinda. Kama Added Upon inafundisha kwamba jamii ilianza kabla ya dunia, Dorian inaonyesha namna inavyoweza kuvunjika kwa kutojali kwa juma moja.

Kwa anayetaka kuzisoma, riwaya zote mbili hazina tena kizuizi cha hakimiliki na zinapatikana bila malipo katika maktaba ya kidijitali ya Project Gutenberg, kwa Kiingereza chepesi ambacho msomaji aliyemaliza shule ya sekondari atakimudu isipokuwa katika vipande vya mashairi na maneno ya kitheolojia. Maandishi ni safi na yanasomeka vizuri hata kwenye simu. Ushauri wangu ni kuanza Added Upon na sehemu ya pili, kusoma Willowby hadi ndoa ya Rupert na Signe, kisha kurudi kwenye baraza la sehemu ya kwanza ukiwa tayari unawajua watu wake. Sehemu ya tatu isomwe polepole. Ya nne inaweza kupitiwa kwa haraka na mtu asiye na haja ya kuchunguza historia ya mawazo ya umoja wa mali. Ya tano, ambayo ni fupi, isirukwe, kwa kuwa baada ya fahari zote zile Anderson anawarudisha wapenzi wake kwenye jambo analolijua: familia na marafiki wanafika mmoja baada ya mwingine, wanatambuana, na mwenyeji anawakaribisha ndani.